Deni la Tano

Aurelia Kapinga alipoulizwa na binti wa benki ana madeni mangapi, alijibu manne, na moyoni aliamini kwamba amesema kweli.

Walikuwa wamekaa barazani kwake Kitura, mwezi wa tatu, mvua inanyesha na kupumzika, inanyesha na kupumzika. Binti mwenyewe aliitwa Jacqueline, mtoto wa Songea, amevaa viatu vyeupe ambavyo udongo wa huku ulikwisha kuvigeuza rangi tangu aliposhuka kwenye bodaboda. Lakini alikuwa na adabu. Aliamkia vizuri, akapokea kiti, akala ndizi za kuchemsha alizokaribishwa bila kujivuta, ndipo akafungua daftari.

"Haya bibi, tuyaandike. La kwanza?"

"Kikoba chetu cha hapa kijijini. Laki nane."

"La pili."

"Chama cha msingi. Mbolea ya msimu huu, laki sita na nusu."

La tatu na la nne Aurelia aliyataja kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyewe wamejificha nyuma ya nyumba. Yalikuwa ya wale wakopeshaji wa mjini Mbinga ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Mmoja laki saba, mwingine laki nne na nusu, na hizo zilikuwa hesabu za wiki iliyopita, maana kila Jumatatu wanaongeza. Vijana wao walikuwa wamekwisha kuja mara tatu. Mara ya mwisho walikaa kizingitini kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, wakisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mama huyu hula hela za watu halafu anakwenda kanisani." Aurelia alishinda ndani na kiu yake, hakuthubutu kutoka kuchota maji.

"Hakuna kingine?" Jacqueline aliuliza. "Dukani, kwa jirani, kwa mtu yeyote?"

"Hakuna, mwanangu."

Jacqueline akajumlisha, ikaja milioni mbili na laki sita. Akamweleza taratibu. Benki itawalipa hao wanne wote kwa siku moja, kila mmoja na chake, na Aurelia atabaki na mdai mmoja tu. Atalipa mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza kahawa, milioni moja na laki mbili, miaka mitatu basi. Dhamana itakuwa hati ile ya kimila yenye nyumba na shamba lililoizunguka.

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, bibi, benki itauza nyumba na shamba. Sitakuficha. Lakini wewe unavuna magunia mangapi?"

"Mwaka mzuri kumi na mawili."

Jacqueline alibonyeza simu yake. Gunia laki tatu na nusu kwa bei ya sasa, mara kumi na mbili. Akaigeuza simu ili Aurelia naye aone. "Milioni nne na laki mbili. Unatulipa, na nyingine inabaki. Mbona wewe unajiweza?"

Aurelia aliangalia tarakimu zile akajisikia mwili mwepesi. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemwambia kwamba anajiweza.

Sasa, ili mtu aelewe kosa lake, lazima ajue mambo ya magoma. Kahawa ikiwa bado maua juu ya mti, na wewe una shida ya haraka, unamfuata mwenye fedha. Anakupa hela leo, kwa bei yake yeye, na wewe unamtajia magunia. Msimu ukifika unachuma, unamenya, unakausha, unamjazia magunia yake na kumpelekea mpaka mlangoni. Serikali imekataza, kwa hiyo hakuna karatasi. Na hata kama isingekataza karatasi isingekuwepo, maana watu wa huku hawajaona haja yake. Mtu aliyechukua magoma hasemi kwamba anadaiwa, husema ameuza. Kudaiwa ni aibu, kuuza si aibu. Ndiyo hayo tu.

Mume wake, Nicholaus, alipolazwa Songea na tumbo lake, Aurelia alimwendea Raimundi. Raimundi ni balozi wa mtaa wao na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, mtu mpole, hana kelele. Alimhesabia milioni mbili mezani, gunia laki moja. Magunia ishirini, kumi ya msimu huu na kumi ya mwakani. Fedha zile zilidumu wiki tano tu. Zilikwenda kwenye dawa, kwenye damu, kwenye gari la kumrudisha Nicholaus nyumbani akiwa maiti, kwenye sanduku, na kwenye unga wa waombolezaji. Hayo madeni manne ndiyo yaliyofuata, kila moja likiingia kuziba tundu la mwenzake.

Basi kichwani mwa Aurelia magunia yale hayakukaa pamoja na madeni. Madeni ni wale wanaokuja kupiga kelele mlangoni. Raimundi hajawahi kupiga kelele.

Benki ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo, kwa kuwa jina la Nicholaus lilikuwa bado kwenye hati, na ilitaka sahihi ya mtoto wao wa pekee, Ottilia, aliyeolewa ziwani. Aurelia alianza na ukoo. Tobias, kaka mkubwa wa marehemu, aliita sengu nyumbani kwake. Zamani sengu ilikuwa kila siku. Wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja kwa mzee wao, kila nyumba ikileta chungu chake, na mambo yote yalisemwa palepale kwenye chakula. Siku hizi wanakusanyika kwa misiba na kwa mihtasari.

Aurelia alipeleka ugali na maharage na kuku mmoja, akaambiwa akae, maana ndiye mwenye shauri. Wanaume walikuwa wanane, na wa tisa ni Raimundi, aliyealikwa kama balozi ili ashuhudie.

"Kuku huyu ni mzee kuliko mimi," Tobias alisema akivuta paja. "Shemeji, ungetuletea tu hati tuitafune."

Walicheka. Aurelia naye akacheka kwa heshima. Kisha akaeleza, deni hili na hili, hili na hili, na benki inavyotaka kufanya. Alipofika kwenye kahawa alisema, "Nitalipa kwa kahawa," akanyamaza.

Hapo ndipo mtu mmoja angeuliza, "Kahawa ipi?" Hakuna aliyeuliza. Kati ya wanaume wale wanane, watano walikuwa wamekwisha kumuuzia Raimundi kahawa ikiwa bado mtini, na Tobias ni mmoja wao. Nani angeanza kutaja kahawa ya mwenzake mbele ya yule? Walimega ugali, wakachovya. Raimundi alimaliza mfupa wake, akanawa mikono polepole, akasema:

"Mimi namfahamu mama huyu. Hajawahi kumwangusha mtu. Benki wakiuliza, semeni balozi amesema hivyo."

"Umesikia shemeji? Umepata mdhamini," alisema Tobias, akamgeukia mpwa wake aliyekuwa anaandika. "Andika, ukoo umekubali."

Wakatia sahihi wote. Aurelia aliikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati. Njiani akirudi, maneno ya Raimundi hayakumtoka. *Hajawahi kumwangusha mtu.* Kwa nini alimwangalia usoni akisema hivyo? Akajiambia kwamba ni heshima tu. Lakini usingizi wa siku ile ulikuwa wa kubabaisha.

Alhamisi alipanda basi la kuteremka Mbamba Bay, na kutoka pale akachukua pikipiki mpaka Lundo. Alimkuta Ottilia ufukweni, amefunga kitenge kiunoni, anageuza usipa juu ya kichanja. Mwaka ule dagaa hao walikuwa wengi, na harufu yao ilifika mpaka barabarani. Mkwewe Cuthbert alikuwa anashona wavu kando ya mtumbwi. Alipomwona alisimama palepale alipokuwa, akainamisha kichwa, akaamkia kwa mbali, kisha akauchukua wavu wake akahamia upande mwingine wa vichanja. Ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe na mkwe wake hawakai karibu, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja.

"Mama, umekonda," alisema Ottilia.

"Nimetoka mlimani kuja kuambiwa hayo?"

"Basi umenenepa. Kaa hapa kwenye kivuli."

Ottilia aliosha mikono, akapokea karatasi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alisoma kila mstari, hata maandishi madogo ya chini, huku akifukuza kuku wa jirani kwa mguu. Alipomaliza alirudi kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole.

"Hapa wameandika madeni manne. La Raimundi liko wapi?"

"Ile si deni. Ile tuliuza."

"Mliuza nini, mama?"

"Si kahawa, Ottilia. Unaijua habari hii."

"Naijua. Nataka uniambie wewe. Mwaka huu utachuma magunia mangapi?"

"Kumi na mawili, Mungu akijalia."

"Ya Raimundi?"

"Kumi."

"Yanabaki?"

 Aurelia aliokota usipa mmoja aliyedondoka mchangani akampangusa, akamrudisha kichanjani.

"Yanabaki mawili," alisema Ottilia. "Laki saba. Benki wanataka milioni moja na laki mbili. Hapo hujanunua mbolea, hujanunua chumvi. Na mwakani hivyohivyo tena. Mama, hawa hawatasubiri mwaka wa tatu."

"Wale vijana wanakaa mlangoni, Ottilia. Wanasema mambo ya kunitukana mpaka mama Hilda wa jirani anaziba masikio. Benki hawakai mlangoni."

"Benki hawakai mlangoni kwa sababu wanachukua mlango wenyewe."

"Wewe uliolewa huku kwa wala samaki. Nyumba ya Kitura unaitakia nini?"

Yalikuwa maneno mabaya, na Aurelia alijua hivyo kabla hayajamaliza kutoka. Ottilia aliyaacha yapite. Aliikunja karatasi vizuri, kwenye mikunjo yake ileile.

"Siitaki nyumba. Nauliza utalala wapi. Kwangu vyumba ni viwili, na kimoja analala mama yake Cuthbert. Hata vingekuwa kumi, wewe usingeingia, nakufahamu. Utalala wapi? Kwa baba mkubwa Tobias, jikoni?"

 Upande wa pili wa vichanja mkwe aliacha kushona wavu.

"Sitii sahihi," alisema Ottilia. "Wataje madeni yote matano. Wakikubali na yote matano, niletee hata kesho, nitatia."

Aurelia alirudi Kitura na ndoo ya usipa na karatasi isiyo na sahihi. Siku iliyofuata, kabla hata hajaanika usipa ule, alikwenda kwa Raimundi. Alimkuta anapalilia maharage, akamwamkia, wakaulizana habari za mgonjwa mmoja wa jumuiya. Kisha akasema lililompeleka. Je, benki ikitoa fedha zaidi, anaweza kurudishiwa zake milioni mbili, kahawa ibaki?

Raimundi aliegemea jembe.

"Mama Ottilia, nikirudishiwa fedha, nitakuwa nilikukopesha. Mimi si mkopeshaji. Nilinunua kahawa."

"Najua, mwenyekiti."

"Kama unataka kuinunua kahawa yangu, ni sawa, naweza kuuza. Kwa bei ya leo. Magunia ishirini, laki tatu na nusu."

Ni milioni saba. Alisema kwa upole uleule anaotangazia zamu za kufagia kanisa, na Aurelia alitambua kwamba mtu huyu hamdhulumu kwa hasira wala kwa hila. Anadai tu kilicho chake, na kilicho chake kilikuwa kila kitu.

"Kwenye sengu mbona hukusema?" alimuuliza.

"Niseme nini? Mimi niliitwa kushuhudia. Nawe hukuniuliza."

Akarudi kupalilia.

Tobias alipopata habari kwamba Ottilia amekataa, alikuja mwenyewe mpaka barazani, akakaa, akatema mate pembeni. Kwake yeye lilikuwa jambo dogo. Weka dole gumba lako wewe mahali pa binti, katibu wa kijiji atagonga muhuri, wala hataangalia. Watu wangapi wamefanya hivyo. Yeye mwenyewe alikopa kwa hati yake mwaka jana, na wanawe wako Dar es Salaam, hata hawajui.

"Na kahawa yako, shemeji?" Aurelia aliuliza. "Uliwaambia kwamba ina mwenyewe?"

 "Unataka kunifanya nisilale?" Tobias alisema, akacheka kidogo peke yake, kisha akaaga bila kumaliza uji aliokaribishwa.

Kwa siku tatu Aurelia aliishi na wino wa kutilia dole gumba. Alikuwa nao kweli, kikopo kidogo cha bluu alichopewa na katibu, amekiweka dirishani. Lilikuwa jambo la kubonyeza kidole mara moja, na vijana wale wasije tena. Angepata mwezi wa nne, wa tano, wa sita, mpaka wa tisa, akichota maji yake kama watu wengine na kwenda misa bila kunong'onwa. Mara kwa mara aliona kwamba hiyo ingetosha, kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kununua miezi sita kwa bei yoyote ile. Halafu alikuwa anaona mwezi wa tisa. Anaona Jacqueline na viatu vyake, na mtu mwingine mwenye kamba ya kupimia, na kaburi la Nicholaus likiwa ndani ya kipimo. Na yeye amesimama barabarani na ndoo, hana upande wa kuelekea.

Siku ya nne alichukua bodaboda mpaka mjini. Jacqueline alimkaribisha kwa furaha, akavuta faili.

"Umeleta sahihi, bibi?"

"Nimeleta deni la tano, mwanangu. Nilisahau kukutajia. Sikujua kwamba ni deni."

Akamweleza yote. Jacqueline aliandika mwanzoni, kisha akaacha kuandika. Akamuuliza jina la mnunuzi.

"Ana jina, lakini sikuja kumshtaki. Alinipa fedha wakati sina."

Binti yule alikaa ameshika kalamu. Nje watu walipanga foleni mpaka kwenye ngazi. Hatimaye alilifunga faili, akatoa hati ya kimila, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akamrudishia.

"Siwezi kukupa, bibi. Kwa kahawa ya magunia mawili siwezi kumpa mtu mkopo." Akainama karibu. "Wenzako hawasemi. Ungenyamaza nisingejua."

"Mimi ningejua mwezi wa tisa," alisema Aurelia.

Kausha damu wa kwanza walikuja Jumatatu na gari dogo la mizigo. Safari hii hawakukaa kizingitini. Aurelia aliwafungulia milango mwenyewe. Walitoa vitanda viwili, magodoro, redio, kabati ya vyombo na nguruwe jike mwenye mimba. Walipanda juu ya paa la jiko la nje wakabandua mabati yote kumi na manane, wakayahesabu kwa sauti. Wa pili walikuja Ijumaa wakaona hakuna kilichobaki ila mashine ya kumenyea kahawa, wakaifungua misumari wakaondoka nayo. Majirani walisimama mbali. Mama Hilda alilia. Aurelia hakulia. Alikuwa ameishikilia hati chini ya kwapa muda wote, ndani ya nailoni yake, kama mtu aliyebeba mtoto hospitali, na kijana mmoja alipoinyooshea kidole akiuliza ni kitu gani, alisema, "Hii haimo kwenye hesabu yenu."

Deni la kausha damu wa pili lilibaki laki moja na themanini. Chama cha msingi kilikubali kukata chake kwenye magunia yake mawili. Wanawake wa kikoba waliketi wakamwambia alipe kidogo kidogo, na mmoja, Getrude, alisema mbele ya wote kwamba safari nyingine wampe mkopo mtu mwenye mume. Walimkemea, lakini hakuna aliyesema kwamba amekosea.

Mwezi wa saba kahawa ikaiva. Aurelia alichuma peke yake, mti kwa mti, akapeleka kumenya kwa jirani kwa malipo ya debe moja katika kila kumi, akaanika, akageuza, akachambua punje mbovu. Angeweza kuziacha humo, uzito ungeongezeka. Hakuziacha. Mwaka haukuwa mzuri sana, yalitoka magunia kumi na moja. Kumi aliyapeleka kwa Raimundi kwa mkokoteni wa kukodi, safari mbili; la kumi na moja lilikwenda chama cha msingi. Raimundi alichoma kila gunia kwa bomba lake la kupimia, akazitazama punje kiganjani.

"Kahawa safi," alisema. "Nilisema mimi, hujawahi kumwangusha mtu."

"Bado kumi ya mwakani, mwenyekiti."

"Bado kumi." Aliyafunga magunia, akajifuta mikono. Shamba lake mwenyewe, kubwa, lilikuwa limeiva lote kwa pamoja, matunda mekundu yanaanza kudondoka chini kwa kukosa wachumaji. Alimwangalia Aurelia, akaangalia shamba, akaonekana kuona haya kidogo. "Sijui nikuambieje, Mama Ottilia. Natafuta watu wa kuchuma. Kama una nafasi."

Aurelia alifikiria nyumba yake, isiyo na kitanda, yenye jiko lisilo na paa. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kitenge chake.

"Debe unalipa shilingi ngapi?" aliuliza.